Jumamosi ya mhunzi wa uani, Mikindani

Saa 12 asubuhi. Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni karani kwenye yadi ya makontena, Changamwe. Jumamosi nafua visu. Karakana yangu ni uani, chini ya mwembe: tanuri ni ngoma ya breki ya lori juu ya matofali, upepo unatoka kwenye mashine ya kukaushia nywele iliyoungwa na bomba, na fuawe ni kichwa cha nyundo kubwa nilichokipachika kwenye gogo. Makaa ni ya vifuu vya nazi, moto wake mkali.

Saa 1 nawasha moto, nakunywa chai kwa mahamri, nakata springi ya lori kwa grainda. Hadi saa 4 nimeshafua visu vitatu. Kimoja ni cha mama karanga wa mtaani, yule anayekaanga samaki, cha kupasulia kolekole, na ndicho kinachoniumiza kichwa, kwa kuwa anakitaka chembamba.

Saa 4 na robo akaingia mzee mmoja na gunia kwapani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Nataka panga la kukatia makuti. Chuma nimekuja nacho."

Akafungua gunia, mna kipande cha nondo.

"Ami, nondo haitashika makali."

"Chuma ni chuma! Maghorofa yote ya Nyali yamesimama kwa nondo."

Nikamweleza kwa heshima kwamba nondo imetengenezwa ikubali kupinda bila kukatika, na kaboni iliyomo ni kidogo mno, kama asilimia 0.2. Springi ina karibu 0.6, na hiyo kaboni ndiyo inayokifanya chuma kiwe kigumu kinapotiwa matiko, yaani kikiiva motoni kisha kikapozwa ghafla. Hakukubali. Basi nikaacha kazi yangu, nikatia motoni ncha ya nondo yake pamoja na kipande cha springi, vikaiva vyote, nikavizamisha. Nikampa tupa ajaribu mwenyewe. Kwenye nondo tupa ilikula chuma vilevile. Kwenye springi iliteleza kama juu ya kioo.

Akaitazama ile tupa, akanitazama mimi. "Basi hii yangu itie maji mara mbili."

Alikaa chini ya mwembe hadi adhuhuri. Aliuliza bei ya springi, akasema dukani panga ni nusu ya hiyo. Ni kweli, na panga la dukani kwa makuti latosha, nikamwambia hivyo. Akasema ninafukuza wateja. Makaa yangu yaliungua bure wakati wote huo, na alipoondoka aliniachia nondo "nifikirie".

Huyu walau alitaka chombo cha kazi. Wapo vijana wanaokuja na picha kwenye simu, wanataka jambia refu lenye makali pande mbili. Siwatengenezei, hata walipe nini. Mji huu umeshaona watu wakikatwa mapanga njiani, na majirani wakisikia nyundo yangu wengine hufikiri ndiyo kazi ninayofanya. Jambo hilo linaniuma kuliko moto wowote.

Baada ya swala, stima zikapotea. Grainda kimya. Nilibaki na tupa na msasa, nimekalia ndoo, jasho linadondokea kwenye ubapa na kuacha madoa ya kutu papo hapo. Unyevu wa pwani hausubiri. Kusawazisha pande mbili za kisu chembamba kwa mkono ni kusukuma, kupima kwa jicho, kusukuma tena. Sijui ilikuwa saa ngapi vidole vilipoanza kufa ganzi. Alasiri iliadhiniwa nikiwa upande wa kwanza.

Stima zikarudi jua linazama, na ndio wakati ninaoutaka, kwa kuwa rangi ya chuma huonekana sawasawa gizani. Nakitia kisu motoni, nakigusisha sumaku mara kwa mara. Karibu nyuzi 770 sumaku huacha kushika. Nakirudisha motoni kidogo, kisha nakizamisha wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto. Wembamba ule ungeweza kupasuka. Nilitega sikio nisisikie ule mlio mdogo wa "tik." Haukuja. Tupa ikateleza.

Lakini kikiachwa hivyo kitavunjika kama kigae. Nikakisugua king'ae, nikakilaza juu ya sufuria ya mchanga kwenye jiko la makaa, nikakaa nacho. Macho yanafumba, siwezi kuondoka. Rangi ya ubapa hupanda polepole kadiri joto linavyozidi, na ikipita mahali pake kazi ya siku nzima imelainika. Ilipofika manjano ya nyasi kavu nikakitoa.

Nikakata ukurasa wa gazeti. Ukaachana bila kuchanika.

Kesho natia mpini wa mwembe. Mama karanga ameshatuma mtoto mara mbili kuuliza.