Hesabu kamba kwanza: ninavyoitazama mieleka ya Japani ya mtindo wa UWF

Mwenye kuzoea mieleka ya Marekani akiwekewa pambano la UWF (Universal Wrestling Federation, kampuni ya mieleka ya Japani iliyozaa mtindo huu) huona watu wawili wamelala chini, mmoja kashika mguu wa mwenzake, dakika zinakwenda. Hakuna kuruka kutoka juu ya kamba, hakuna kupigana kwa viti. Kuna mateke, makofi ya kiganja, kubwagana na kupinda viungo. Matokeo mengi yalipangwa kabla, kama ilivyo mieleka ya kulipwa kwingine, lakini mateke yanatua kweli. Mimi kilichonifungulia mlango ni kuhesabu kamba.

Aliyebanwa akigusa kamba, refa anapaza sauti, "Eskepu!" na mshikaji lazima aachie. Kwenye UWF International, kampuni ya Nobuhiko Takada iliyoanza 1991, kuachiwa huko kuna bei. Kila mmoja anaingia na pointi 15. Akikimbilia kamba anakatwa 1. Akibebwa na kubwagwa kwa suplesi (kurushwa kinyumenyume) inayokubalika, 1 tena. Akiangushwa kwa pigo mpaka refa aanze kumhesabia, 3. Zikiisha, kapoteza. Pambano la watu wawili kwa wawili, kila upande unaanza na 21. Basi mtu aliyebakiwa na pointi 2, mkono wake ukinaswa katikati ya ulingo, hawezi tena kuishika kamba kwa starehe kama alivyofanya mwanzo. Mwanzoni huwa naandika pointi kwenye karatasi, safu mbili tu, kwa sababu ubao wa skrini hauonyeshwi muda wote, na kanda zilizonakiliwa mara nyingi huwa na maandishi yaliyofifia.

Pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni Takada na Gary Albright mwaka 1992. Walikutana Mei, Albright akashinda, kisha Septemba Takada akalipiza. Albright alikuwa mtu mzito aliyetoka kwenye mieleka ya ridhaa, na akishafunga mikono kiunoni kwa nyuma, mwenzake anarushwa hewani. Takada anategemea teke la pajani na kumnyoosha mpinzani mkono mpaka kiungo kiume. Tazama hapo umbali. Takada akisimama hatua moja nje ya mikono ya Albright, yeye ndiye anayeongoza. Akikosea akaingia karibu, pointi zinaanza kuyeyuka. Pambano zima limo kwenye hiyo hatua moja.

Wakifika chini, acha nyuso, angalia viuno na visigino. Kubana miguu kuna aina tatu zinazofanana machoni mwa mgeni. Ya kwanza: kifundo kimeingia kwapani, mfupa wa kigasha umegandamiza mshipa wa nyuma juu ya kisigino. Hiyo inauma lakini mtu huweza kuvumilia, ndiyo maana utaona wote wawili wamekamatana hivyo hivyo kwa muda mrefu. Ya pili: kisigino kimenaswa kwenye kiwiko na mguu unazungushwa. Hapa goti ndilo linaloumia, tena haraka, kwa hiyo anayenaswa hukimbilia kamba mara moja au hugonga kwa mkono kukubali kushindwa. Ya tatu: mguu mzima umekumbatiwa kifuani, nyonga inasukuma goti lipinde kinyume. Ukishazitofautisha, ule ukimya wa dakika tano unajaa mambo. Kumbuka pia kwamba wanavaa viatu vya mieleka na kinga za muundi. Kiatu kinampa mshikaji kitu cha kukamata, mguu hautelezi kutoka kama mguu mtupu wenye jasho.

Baada ya mapambano machache ya aina hiyo ndipo narudi nyuma. UWF ya kwanza ilianza 1984, ikafa 1985. Watu wake ni Akira Maeda, Yoshiaki Fujiwara, Takada, Kazuo Yamazaki na Satoru Sayama, yule aliyekuwa Tiger Mask wa kwanza, mpiganaji wa kinyago, humo akiitwa Super Tiger. Fujiwara alifundishwa na Karl Gotch, Mbelgiji aliyepitia gimu ya Billy Riley kule Wigan, Uingereza, na shina la ufundi huu wote liko hapo. Mapambano ya Fujiwara na Super Tiger ya Septemba na Desemba 1984 ni mwongozo tosha: mmoja anapiga mateke, mwingine anasubiri mguu uje ili autwae. UWF ya pili ilizaliwa Mei 1988 kwenye ukumbi wa Korakuen, Tokyo, na humo ushindi wa kumlaza mtu mabega chini ukaondolewa kabisa. Novemba 1989 walifika Tokyo Dome. Mwaka uliofuata wakasambaratika, na 1991 zikatoka kampuni tatu: ya Takada, ya Fujiwara, na RINGS ya Maeda.

Kutafuta kanda kuna mitego yake. Orodha nyingi za wakusanyaji zimeandikwa na Wamarekani, mwezi mbele: 9/7/84 ni tarehe 7 Septemba, si 9 Julai. Majalada ya Kijapani huweka mwaka, mwezi, siku, na pengine mwaka wa mfalme. Mwaka wa Showa (enzi ya mfalme iliyoishia 1989) ongeza 1925, mwaka wa Heisei (enzi iliyofuata) ongeza 1988. Heisei 3 ni 1991. Majina nayanakili kwa maandishi ya Kijapani, kwa mfano 田村潔司 kwa mpiganaji Kiyoshi Tamura, ヴォルク・ハン kwa mpiganaji Volk Han, kisha natafuta kwa hayo, na matokeo huwa mengi kuliko ya herufi za Kilatini.

DVD halisi za Japani ni za eneo namba 2, wakati Kenya na Tanzania tumo eneo namba 5, kwa hiyo deki iliyofungiwa eneo letu itaikataa diski. VHS za huko ni za mfumo wa picha wa NTSC, si PAL wetu. Deki kuukuu inayosoma PAL peke yake itatoa picha inayoruka au isiyo na rangi. Kwenye faili za kompyuta, kasoro ya kawaida ni mistari kama meno ya kitana pembeni mwa mguu unaorushwa. Picha ya awali ilirekodiwa nusu ya mistari kwanza, nusu nyingine baadaye, na aliyeigeuza alizibandika pamoja bila kuzirekebisha. Katika VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza D, kisha kwenye menyu ya video chagua Yadif 2x. Mateke yanarudi kuwa laini. Watu wakionekana wanene wafupi, bonyeza A mpaka ifike 4:3. Mikwaruzo iliyo chini kabisa ya picha iache, ni ya VHS yenyewe.

Pancrase, kampuni ya Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki, naiweka mwishoni. Onyesho la kwanza, Septemba 1993, mapambano yote matano kwa pamoja yalichukua dakika 13 na sekunde 5, kwa kuwa walipigana bila kupanga. Ukitoka huko ukarudi UWF utaona wazi nini kilipangwa ili kupendeza watazamaji.

Kuna pambano moja ambalo bila kujua haya yote halina uzito: Takada na Keiji Mutoh, Tokyo Dome, 9 Oktoba 1995. Mutoh wa New Japan, kampuni kubwa ya mieleka ya maonyesho, alimvuta mguu Takada, akaukunja kwa ule mfungo wa namba nne, hila ya kizamani ambayo watu wa mtindo wa UWF waliiona ni ya maonyesho. Takada akakubali kushindwa. Kampuni yake ilifungwa mwishoni mwa 1996.

Tamura alikuwa ameshahamia RINGS mwaka huo huo, na mapambano yake na Volk Han, mtaalamu wa sambo (mieleka ya Kirusi), ya 1996 na 1997 ndiyo ninayoyarudia zaidi. Han hukamata mkono akiwa amesimama na kuanguka nao; Tamura hajakaa mahali pamoja hata sekunde. Ukiyamaliza, weka Tamura na Tsuyoshi Kohsaka ya Juni 1998. Ni dakika 30 kamili, sare. Usiisimamishe katikati.