Kauri ndani ya bili ya umeme

Kila mwezi mwenye nyumba wangu hapa Zhengzhou, China, hubandika mlangoni kikaratasi cha bili ya umeme. Mwaka wa kwanza nilisoma tarakimu tu. Siku hizi jicho linakimbilia herufi ya pili, 费, yaani gharama, kwa sababu chini yake imekaa kauri, lile kombe dogo la baharini. Kauri hii hii tuliyokuwa tukiokota Pangani maji yakishakupwa.

Alama yenyewe ni 贝. Ukiitazama hivihivi huoni kombe lolote. Mwalimu wetu alituchorea ubaoni ilivyokuwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita: kombe limefunguka pande mbili, na vistari katikati. Nikaropoka kwa Kiswahili, “Simbi!” Darasa zima likageuka.

Kauri ilikuwa mali huko kale, kama ilivyokuwa Buganda, ambako mpaka leo pesa ni ensimbi. Ndiyo maana imo katika 贵, ghali, na katika 贷, mkopo. Katika 贫, maskini, juu kuna 分, kugawa, chini kauri. Kwenye 财, mali, kauri inabeba maana na 才 inakupa sauti tu, “cai”. Herufi nyingi zimeundwa hivyo, upande mmoja maana, upande wa pili sauti. Ndugu zangu nyumbani hudhani kila herufi ni picha. Sivyo, na ukishalijua hilo mzigo wa kukariri unapungua sana.

Oktoba nilipanda treni ya mwendokasi kwenda Anyang, mkoa huu huu wa Henan, palipokuwa mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Shang, ukoo uliotawala zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Waaguzi wa mfalme walichimba vishimo kwenye gamba la kobe au mfupa wa bega la ng’ombe, wakaupasha moto hadi ukapasuka, wakasoma nyufa. Herufi ya kupiga ramli, 卜, ni ule ufa wenyewe. Kisha wakachonga swali papo hapo: mvua, mavuno, hata jino la mfalme linalouma. Karne nyingi baadaye mifupa hiyo iliuzwa kama dawa, “mifupa ya dragoni”, hadi 1899 msomi Wang Yirong alipotambua kwamba yale ni maandishi.

Kuna gamba moja linalouliza kuhusu uzazi wa Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding. Majibu yamechongwa: haikuwa heri, amezaliwa msichana. Nina binti wa miaka minne anayelelewa na mama yangu Tanga, na maneno yale yaliniuma kana kwamba yameandikwa jana. Fu Hao huyo huyo aliongoza majeshi. Kaburi lake lilipofukuliwa mwaka 1976 lilikuwa na kauri zaidi ya 6,000, hapo bara, mbali kabisa na bahari.

Mwaka 221 kabla ya Kristo dola ya Qin iliunganisha nchi na kulazimisha mwandiko mmoja. Makarani, wenye kazi nyingi na brashi mkononi, wakanyoosha mapindo yote. Hapo ndipo kauri ikageuka kisanduku chenye miguu miwili, 貝. Tangu 1956 serikali ilipoanza kurahisisha herufi, mikato yake saba ikawa minne. Nashukuru, maana naandika kila siku. Lakini kununua ilikuwa 買, wavu juu ya kauri, na leo ni 买, kauri haimo tena. Hiyo nisingeiondoa.

Kule Anyang nilisimama muda mrefu mbele ya kauri zilizotobolewa mgongoni ili zipitishwe uzi. Mafungu mawili ya kauri zilizotungwa, yakining’inia pamoja, ndiyo yaliyochorwa kuwa 朋. Baadaye herufi hiyo ikaazimwa kuandika neno rafiki, pengyou, ambalo muuza mboga wa mtaani kwetu aliniita nalo siku niliyofika, kabla sijajua hata kuhesabu.