Ngazi za Riva na maswali ya baba mdogo

Riva del Garda, kaskazini mwa Italia, Jumamosi usiku

Kwenda kununua maji dukani imenibidi nishuke ngazi za hoteli kinyumenyume, nimeshika ukuta. Mapaja yamegoma. Dada wa mapokezi ameniangalia akacheka, kisha akataja jina la njia niliyotoka kabla sijafungua mdomo. Inaonekana wanatujua kwa mwendo.

Leo tumepanda mlima Cima SAT kwa njia ya chuma, yaani ngazi na waya zilizofungwa mwambani, ile wanayoiita via ferrata dell'Amicizia, ya urafiki. Kilele chenyewe ni mita 1,246. Kwa mtu wa Moshi hiyo si habari ya kupeleka nyumbani. Geti la Marangu, pale watalii wanapoandikisha majina kabla hata hawajatoka jasho, liko juu kuliko kilele hiki. Lakini Ziwa Garda liko mita 65 tu juu ya usawa wa bahari, na njia inaanzia mjini kabisa, nyuma ya maduka ya aiskrimu. Kwa hiyo mita zote hizo elfu moja na ushee unazila kwa miguu yako, na zile za mwisho zinasimama wima.

Aliyenileta ni jirani yangu wa Verona, mzee wa miaka sabini na kitu, mwanachama wa SAT. Hicho ni chama cha wapanda milima wa Trento, kilianzishwa 1872, na kilele kinabeba jina lake. Mzee haongei sana. Aliponialika alisema tu, "Wewe umezaliwa chini ya Kilimanjaro, huna shida." Sijaona sababu ya kumweleza kwamba Kilimanjaro yangu iliishia kibanda cha kwanza, Mandara, safari ya shule, na kwamba sisi wa pale chini mlima tunaujua kama watu wa Dar wanavyoijua Ikulu.

Tulitoka saa kumi na mbili alfajiri. Ukuta ule unatazama mashariki, jua likichomoza tu linaupiga usoni, na chokaa ile nyeupe inakurudishia joto lote. Siku hizi kuna lifti inayokufikisha Bastione, ngome ya duara iliyojengwa na Wavenisi mwanzoni mwa karne ya 16. Mzee aliipita lifti bila kuigeuzia shingo. Kutoka hapo ni kona baada ya kona katikati ya miti mpaka kwenye kibanda cha Santa Barbara, mita 560, na juu yake kidogo kanisa dogo jeupe lililobandikwa mwambani. Usiku huu nikiwa dirishani naliona linawaka taa. Walilijenga wafanyakazi wa miaka ya 1920, wale waliokuwa wakitoboa mlima na kulaza mabomba ya umeme wa maji ya Ponale. Maji yanatoka Ziwa Ledro kule juu, yanateremshwa hadi hapa Riva, karibu kabisa na ufuko wa kuogelea. Mtakatifu Barbara ndiye msimamizi wa wachimba migodi na watu wa baruti, kwa hiyo walijua wanamwomba nani.

Juu ya kanisa ndipo chuma kinapoanza, na ndipo tulipovaa vifaa. Vyangu nilikodi jana mjini. Kijana wa dukani aliniuliza uzito wangu mbele ya foleni nzima, bila haya. Ana sababu: kamba hizi zimetengenezwa kwa mtu wa kati ya kilo 40 na 120. Mtoto mwepesi kuliko hapo afungwe kamba ya pili na mtu mzima anayejua kazi. Ukanda wa kiunoni na mapajani unaunganishwa na mikono miwili ya kamba, kila mmoja una karabina, pete ya chuma inayofunguka na kujifunga, mwishoni, na katikati kuna kifuko kidogo kilichoshonwa. Ndani ya kifuko kuna utepe uliokunjwa na kushonwa nyuzi nyingi. Ukianguka, zile nyuzi zinakatika kidogo kidogo na kukupunguzia mshtuko. Ukishaanguka mara moja kifaa kimekwisha, hakirudi tena dukani.

Nilidhani kuning'inia kwenye waya ni salama kuliko kupanda kwa kamba ya kawaida. Mzee alinisahihisha pale pale chini ya ngazi ya kwanza. Mpandaji wa kamba ana mwenzake anayemshika, na kamba yenyewe inavutika. Hapa waya umefungwa mwambani kila baada ya mita kadhaa, na ukiteleza unashuka na karabina zako mpaka kwenye kifungo kilicho chini yako, kisha unasimama ghafla. Njiani kuna vyuma vingine vya kukugonga. "Hapa hatuanguki," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza saa za kufunga duka. Basi.

Ngazi sasa. Zimebandikwa mwambani kama ngazi za kisima, ila kisima chenyewe kimegeuzwa juu chini, na iliyo ndefu kuliko zote ni kama mita 70. Unapanda kidato, unapeleka karabina ya kwanza juu ya kifungo, unasikia tak, unaisogeza ya pili, tak, unapanda tena. Kamwe usitoe zote mbili kwa pamoja. Kuna mahali vidato vimesuguliwa katikati na viatu vya watu mpaka vinang'aa, pembeni vimebaki na kutu. Nilikuwa nakodolea macho pale penye kung'aa kwa sababu sehemu nyingine zote za kutazama zilikuwa mbaya. Kati ya miguu yangu kulikuwa na ziwa zima, na boti ya abiria imechora mkia mweupe, ndogo kama njiti ya kiberiti. Nyuma yangu binti wa Kijerumani wa miaka kumi na kitu alikuwa anaimba. Nilimchukia kwa kama dakika tano.

Kuna wanaosema huu si upandaji mlima. Wapandaji wa Arco, mji wa jirani ambako mashindano ya kupanda miamba ya Rock Master yalianza 1987, wanapita na kamba zao begani wakiangalia foleni ya ngazi kwa macho ya huruma. Ukiondoa chuma, wanasema, wangapi wangefika? Sawa, mimi nisingefika. Lakini mambo haya si ya leo. Kule Dachstein, Austria, mtaalamu wa jiografia Friedrich Simony alipigisha vyuma na kufunga kamba mlimani mwaka 1843 ili watu wafike juu. Mlima Marmolada ukafuata 1903. Halafu ikaja vita, na vita haikuuliza kama ni upandaji halali.

Hapa Riva palikuwa Austria-Hungaria. Italia ilipoingia vitani Mei 1915 mpaka ulikuwa karibu kiasi kwamba milima hii yote iligeuka ngome. Cima Capi, mita 909, jirani na hapa nilipo, bado ina mahandaki yaliyochongwa kwenye mwamba, na njia ya chuma ya Fausto Susatti inapita katikati yake. Mbele zaidi, huko Dolomiti, wanajeshi wa pande zote mbili walifunga ngazi na kamba kwenye magenge ili wapitishe risasi na mikate. Ni vita ileile iliyotuachia jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Huku walipandisha mizinga, kule kwetu watu walibebeshwa mizigo vichwani, wakafa njiani kwa maelfu, na ukienda leo kununua vitenge hakuna anayekukumbusha.

Haya sikuyawaza juu. Juu niliwaza maji. Yamenijia jioni, baada ya kumpigia baba mdogo simu.

Baba mdogo alikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii, njia ya Machame ya Kilimanjaro kwa miaka mingi. Ana kovu begani ambalo kwa utani analiita kitambulisho. Nilimpigia kwa majivuno, nikiwa nimeshamtumia picha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeona picha. Mizigo yenu alibeba nani?"

"Kila mtu na begi lake, baba."

"Na mpishi?"

"Hakuna mpishi. Tulikuwa na mikate na jibini."

"Mahema?"

"Tumerudi kulala mjini."

Akakaa kimya kidogo. Nikajua anapiga hesabu. "Sasa vijana wa huko wanakula wapi?"

Sikuwa na jibu la maana. Kwa baba mdogo mlima ni mwajiri. Mgeni mmoja anakwenda na kiongozi, mpishi na wagumu kadhaa, kila mmoja na kilo zake 20 zilizopimwa getini, na kabla mizani haijakazwa zilikuwa zaidi. Mlima ambao mtu anaupanda na begi lake, akashuka, akanywa bia na kwenda zake, anauona kama shamba lililoachwa.

Nikamweleza habari ya ngazi na waya. Hapo ndipo alipochangamka. Aliuliza mambo ambayo hakuna rafiki yangu mwingine aliyeuliza. Kidato kimoja kina uzito gani? Shimo wanatoboa kwa kutumia nini? Aliyetoboa alikuwa amesimama juu ya nini, kama ngazi haijawekwa bado?

Swali hilo la mwisho nalirudia tangu saa mbili. Amesimama juu ya nini! Mimi nilipita pale nikiwa na karabina mbili, kofia ngumu, na mzee aliyepita hapo mara zisizo na hesabu, na bado magoti yalikuwa yanacheza. Kuna mtu aliyetangulia kabla ya kuwa na cha kushika, akapandisha chuma mgongoni au kwa winchi, akachimba tundu, akakipigilia, akajaribu kwa uzito wa mwili wake mwenyewe kama kinashika. Siku hizi kazi kama hizi helikopta inasaidia. Zamani ni migongo.

Kwa hiyo wabebaji wapo, baba. Wametangulia tu. Machame mgumu anakupita njiani na kapu kichwani, redio inaimba, unamwona, unajua ana jina, na siku ya mwisho unaona haya au huoni haya kulingana na bahasha unayotoa. Hapa kazi yake imebaki ukutani na yeye mwenyewe ameshaondoka, ndiyo maana ni rahisi sana kufika juu na kusema nimepanda mwenyewe. Nimesikia watu watatu wakisema hivyo leo kileleni, mmoja akiwa kwenye simu, na mimi nilikuwa wa nne.

Sisemi njia yetu ni bora. Nimeona mabega ya baba mdogo. Ningependa watoto wake wapande kama nilivyopanda leo, na mikate yao, kwa starehe zao, bila mtu kuwapima kilo getini. Ila majina yana tabia ya kubaki kwa yule aliyepanda mikono mitupu. Kwa kufika kilele cha Kilimanjaro mara ya kwanza, mwaka 1889, vitabu viliandika Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, huyo wa pili akiwa mtu wa Alpi hizihizi upande wa Austria. Mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa aliwaongoza, tunamkumbuka sisi wa upande wa Marangu, na wabebaji waliokuwa kwenye msafara ule hata sisi hatuwezi kuwataja.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, nisiongeze mengi. Njia ya msituni, changarawe juu ya mwamba, kila hatua inagonga goti palepale. Mzee aliharakisha kwa sababu ya mawingu upande wa mlima Monte Baldo. Radi na waya wa chuma havikai pamoja, na kiangazi hapa mawingu hujijenga mchana. Hayakufanya kitu mwishowe. Tulipofika chini Ora ilikuwa imeshaanza, upepo wa kusini unaopuliza ziwani kuanzia mchana, na upande wa Torbole kulikuwa na matanga mengi hata huoni maji vizuri. Asubuhi ni upepo mwingine, Pelèr, unatoka kaskazini. Wavuvi na vijana wa mbao za tanga wanapanga siku yao kwa hizo mbili. Mtu wa pwani angeelewa mji huu haraka kuliko mimi.

Mzee anataka mwezi ujao twende Che Guevara. Ndiyo, ndilo jina la njia, ipo Monte Casale, unaanzia Pietramurata na kupanda kama mita 1,400 mfululizo. Nimemwambia tuanze na Colodri ya Arco, ambayo ni fupi, watoto wanaipanda, na juu yake unaiona ngome ya mji vizuri. Amekunja uso. Tumekubaliana Cima Capi, kwa sababu nataka kuyaona yale mahandaki kwa macho yangu na kwa sababu ni mita 909.

Sasa hivi ujumbe wa sauti umeingia kutoka Moshi. Baba mdogo amezikuza zile picha. Hajasema neno juu ya ziwa. Anasema kifungo cha tatu kutoka juu, kwenye picha ya pili, nati yake imekaa vibaya, na niwaambie wenyewe wa mlima. Nimemwonyesha mzee. Amevaa miwani, ameikuza, amekaa nayo muda, halafu amechukua simu yake na kumpigia mtu wa chama.