Bwawa la Mshomoroni: mara ya tatu limekaa

Limekaa! Leo siku ya kumi na moja tangu nilijaze, bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida) imekuja na kwenda, na sakafu haijanyanyuka hata unene wa kidole.

Kwa wageni: ni bwawa la kuogelea la fremu, kipenyo mita 3.66, kimo mita 1.22, ambalo watu wenye akili huliweka juu ya ardhi wakapumzika. Mimi nilitaka nusu yake izame, watoto waingie bila ngazi. Kiwanja kiko Mshomoroni, Mombasa, karibu na hori ya Tudor, ule mkono wa bahari. Kuchimba sisemi, mwamba wa matumbawe mwaujua. Mitaimbo miwili ilipinda, sentimita 60 zikatula wiki tatu. Nimezungusha ukuta wa mawe ya kukata na kuacha nafasi ya mtu kupita, maana fremu hizi hubeba maji yanayosukuma nje. Udongo ukizielemea kutoka nje, siku ukiyamwaga maji zinajikunja.

Kilichonitoa roho ni maji ya chini.

Mara ya kwanza nilimwaga ndani sentimita 10 tu ninyooshe mikunjo, nikaenda kulala. Alfajiri nakuta sakafu imeumuka katikati kama kitumbua kilichozidi hamira. Nikaibonyeza, ikarudi. Nikadhani mpira umetoboka. Nikapenyeza mkono chini ya ukingo, nikachota, nikaonja. Chumvi! Na boza lilileta maji matamu. Kufika saa tatu asubuhi kitumbua kimelala chenyewe, na mchanga nilioshindilia siku mbili umemezwa na matundu ya mwamba. Miguu miwili ya fremu yaning'inia hewani.

Nikarudia kwa mchanga zaidi na hasira zaidi. Wiki mbili baadaye, yale yale. Hapo nilikuwa tayari kuliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Jirani yetu, mzee aliyevua samaki tangu ujana, akaja kusimama ukingoni. "Mwanangu, siku ile mwezi ulikuwa wa ngapi?" Nikahesabu: wa kumi na tano. "Na mara ya pili?" Ulikuwa umeandama jana yake. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi mzaliwa wa hapa, najua fika kwamba bamvua hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni. Haikunijia kabisa kuwa matumbawe ni sifongo, na hori ikijaa, chini ya nyumba yangu nako kwajaa.

Hesabu yenyewe ya mtoto wa shule. Nje maji yalipanda sentimita 25 juu ya sakafu, ndani mna 10. Litakosaje kuinuka? Basi safari hii mchanga nimeutupa wote. Nimelaza kokoto ndogo, juu yake vumbi la mawe lenye saruji kidogo, kisha turubai. Pembeni nimezamisha bomba la plastiki la inchi 6 lililotobolewatobolewa, lenye pampu ya boya inayojiwasha maji yakipanda, kwa siku nitakayotaka kulimwaga bwawa. Halafu nikangoja maji mafu, bahari isipojaa sana, mwezi ukiwa na siku nane, nikaita boza, lita 10,000 siku moja. Bamvua ilipofika ikakuta tani kumi zimeshakalia.

Kijana wa duka la vifaa alinishikilia nikodi kipimo cha leza cha kusawazishia sakafu. Kwa jua letu la saa sita, ule mstari mwekundu utauona wapi? Mpira wa maji, ule wa mafundi unaoonyesha ndani, wa mita kumi, ukishautoa viputo vyote wakuonyesha tofauti ya milimita mbili. Nimeuweka pamoja na pima maji yangu na simwazimi mtu.

Jukwaa la mbao nililoahidi mwezi huu halipo. Nguzo za mvinje zimeegemea ukuta pale pale. Nimetia fimbo yenye alama ndani ya lile bomba, na sasa naandika daftarini kila maji yajaapo. Kilele cha bombani chachelewa cha hori kwa dakika kama 40, na chazidi kuchelewa maji yakiwa mafu. Kwa nini? Nataka mwezi mzima wa vipimo kabla sijagusa msumeno.

Juzi saa kumi na dakika arobaini alfajiri mama watoto alitoka akanikuta nimelala kifudifudi, tochi mdomoni. Akanitazama, akarudi ndani. Sentimita 27.