Siku Msaili Aliposoma Msimbo Wangu

Nilipoamua kujenga tovuti ya kuonyesha kazi zangu, wenzangu wengi walikuwa wakichukua kiolezo, wanabadilisha jina na picha, basi, imekwisha. Mimi nilitaka kuiandika kwa mkono: HTML na CSS tupu (lugha za muundo na mwonekano wa kurasa), JavaScript (lugha ya kuzipa kurasa utendaji) pale tu inapokosa mbadala. Sikuwa na kiburi (haya, kidogo). Nilifikiri tovuti ya msanidi programu ndiyo kazi pekee isiyo na bosi wala mteja wa kubebeshwa lawama.

Muda mwingi haukuliwa na rangi wala fonti, uliliwa na maneno. Miradi nilikuwa nayo tele, ila mingi ilikuwa mazoezi tu: kikokotoo, orodha ya shughuli, programu ya hali ya hewa ambayo kila anayejifunza lazima aipitie. Nikabakiza mitatu. Chini ya kila mmoja nikaeleza tatizo lilikuwa lipi, nilifuata njia gani, na ipi niliiacha na kwa nini. Vile vipimo vya ujuzi vya "JavaScript 90%" sikuviweka kabisa. Tisini katika mia ya nini?

Mpangilio haukunisumbua. CSS Grid, sehemu ya CSS ya kupanga vitu kwenye ukurasa, ilikwishaingia kwenye vivinjari vikubwa tangu 2017, na kwa mstari mmoja kadi zilijipanga safu tatu kwenye kompyuta, moja kwenye simu. Kilichoniuma ni kijivu changu hafifu cha maandishi nilichokipenda: hakikufika uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya mwangaza wa maandishi na wa usuli wake, ambao WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike hata na wenye ulemavu, unautaka kwa maandishi ya kawaida. Nikakikoleza shingo upande, nikapandisha tovuti GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, nikaanza kuomba kazi.

Usaili wa kwanza ulikuwa kwa video. Msaili alifungua tovuti yangu, hata miradi hakuigusa. Akabofya kulia, akafungua msimbo chanzo, akaanza kusoma kutoka juu, taratibu, huku nikimtazama. Sikuwa nimewahi kuona mtu akisoma HTML yangu mbele yangu, jasho lilinitoka.

Akasimama kwenye menyu.

"Kwa nini umetumia details?"

Hiyo ni tagi ya HTML inayoficha na kuonyesha maudhui. Nikamwambia kivinjari chenyewe kinajua kuifungua na kuifunga, kibodi inaifikia, na hata JavaScript ikizimwa menyu bado inafanya kazi.

"Na mtu akibofya nje ya menyu?"

"Haifungi."

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua. Niliona si sababu ya kuongeza skripti."

Alitabasamu, akasema yeye angeiongeza. Nikaandika mistari michache pale pale kwenye skrini, naye akawa anaichokonoa: je, ukifungua menyu mbili? Je, mtu asiyeona anayetumia kisoma-skrini, programu ya kumsomea kilichopo kwenye skrini? Barua pepe yao ilikuwa imeniahidi maswali ya algoriti (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta), nami nilikuwa nimeyakesha. Hatukuyafikia. Muda ulikwisha tukiwa bado tunabishana kama kitufe cha Escape nacho kiifunge.