Nauza Samaki wa Mto Katika Mji wa Bahari

Mombasa ukitaja samaki, watu wanawaza changu, tafi au nguru. Mimi nauza kambare, perege na kamongo huku Mikindani, na wateja wangu wengi ni watu wa bara waliokulia kando ya Ziwa Viktoria na mito yake. Majirani wengine hupita wakikunja pua: "Hao wananuka tope." Sibishani nao. Wateja sijawahi kuwakosa. Kazi ilikuwa kuujua mzigo. Samaki wangu hutoka kwenye mto na maziwa ya delta ya Mto Tana, upande wa Garsen, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na kila msimu kasha lilifunguka na samaki wa aina tofauti.

Nilianza wakati wa ukame ule wa 2020 na kuendelea, misimu mitano ya mvua ikapita mkavu. Karibu kila kasha lilikuwa kambare na kamongo. Perege walikuwa wachache, tena vidole tu. Mzee wa Kipokomo ninayenunua kwake nilimuuliza kwenye simu, akanijibu, "Mwanangu, ziwa limebaki dimbwi, na dimbwi lenyewe limefunikwa majani. Perege atapumua wapi?"

Jibu hilo ndilo lililonifungua macho. Mimea ya majini huongeza oksijeni mchana, lakini usiku nayo hupumua na kuimaliza. Ile inayoelea na kutanda juu huzuia mwanga na hewa visifike chini, na majani yanayooza hula kilichosalia. Kabla ya jua kuchomoza, maji chini ya zulia hilo karibu hayana hewa kabisa. Perege hutegemea matamvua, yaani hupumua hewa iliyo ndani ya maji tu. Kambare ana kiungo juu ya matamvua yake kinachovuta hewa ya nje, kwa hiyo huja juu, anameza pumzi na kurudi zake. Kamongo ana mapafu kabisa, na maji yakikauka hujichimbia topeni, akajifunika kwa ute wake na kulala hadi mafuriko yarudi. Tangu hapo, nikiambiwa ziwa limefunikwa, sichukui oda ya perege. Nawapigia simu wanaopenda kambare wa kubanikwa.

Ila mtu asije akadhani majani ni adui. Yungiyungi na matete yakiota kingoni, katikati maji yakabaki wazi, hapo ndipo penye samaki wa kila namna. Vifaranga hujificha katikati ya mashina ambako samaki wakubwa na ndege hawafiki kirahisi, na kwenye mashina hayo hushika ukoga na wadudu wadogo ambao ni chakula chao. Maji matupu yasiyo na jani hata moja nayo hayalei watoto. Ndiyo maana siku hizi namuuliza mzee habari za majani kabla ya kumuuliza bei.

Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño, Tana ikatoka kwenye kingo zake. Wenzangu wawili wakatuma pesa za mbele haraka haraka, wakijua maji mengi ni samaki wengi. Mzee akaniambia, "Wewe subiri. Samaki sasa wako malishoni." Na kweli, mto ukifurika samaki hutawanyika kwenye nyasi na vichaka vilivyozama, na wavu huko unanasa miti. Waliovua walipata kidogo, na kufikisha mzigo Malindi barabara ikiwa vile ilikuwa shughuli nyingine.

Lakini huko nyasini ndiko mzigo wa baadaye unakotengenezwa. Kambare hupanda na maji mapya na kutaga kwenye nyasi zilizozama. Mayai hunata majanini na huanguliwa kwa kama siku moja au mbili hivi. Ardhi iliyokuwa kavu, yenye samadi ya ng'ombe na majani yaliyokufa, ikilowa hutoa rutuba, vijidudu huzaana, na vifaranga hula mpaka washibe. Maji yakidumu wiki nyingi, wanakua. Yakiingia na kutoka upesi, vifaranga wengi hukwama kwenye madimbwi na kuliwa na korongo. Maji yanapopungua, wengine hurudi mtoni, wengine hubaki kwenye maziwa kama Shakababo na Bilisa. Wavuvi hutega migono kwenye vijito ambamo maji yanarudi, na hapo ndipo nilipotuma pesa mimi. Perege waliofika walikuwa wa kujaza sahani.

Kwa hiyo kalenda yangu siku hizi inafuata mto. Kwa kawaida Tana hufurika mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli, na maji hayo mengi hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Jua linaweza kuwa linawaka huku Changamwe na delta imezama. Nasikiliza habari za bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, kubwa kuliko mengine ya mto huo. Nikisikia limejaa na maji yanamwagika, najua mashamba ya delta yatalowa siku si nyingi, na mimi nahesabu miezi mbele. Mzee hayapendi mabwawa hayo. Anasema mafuriko madogo madogo yaliyokuwa yakilisha maziwa kila mwaka yamepungua, yanayokuja sasa ni makubwa ya kubomoa nyumba. Kwa upande wa mafuriko madogo sina la kumpinga, kwani bwawa hushika maji ya mwanzo wa msimu.

Bei nayo huyafuata maji. Perege wakiwa wengi nauza wabichi, kwa barafu, siku hiyo hiyo. Ziwa likikaribia kukauka, namwambia mzee anibanikie kambare, maana hao hufika salama hata gari likilala njiani. Mkunga wa mto akitokea kwenye kasha, huyo humuuza hata kabla sijamweka mezani. Kuna fundi mmoja wa Bangladesh, mtaa wa huku huku Mombasa, ameshaniwekea oda ya kudumu.