Mbona Tunaelekea Kaskazini?

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwa ndege kutoka Dubai hadi Los Angeles. Tulikuwa tumeshapaa, chakula kimeshagawiwa, pale mama mmoja mtu mzima aliyekaa dirishani aliponigusa mkono huku ameikazia macho ramani kwenye skrini.

"Mwanangu, Marekani si iko magharibi? Mbona rubani anatupeleka kaskazini?"

Swali lilinifurahisha, maana ndilo hasa. Kwenye ramani bapa viwanja hivi viwili havipishani sana kwa latitudo: Dubai nyuzi 25 Kaskazini, Los Angeles 34. Jicho linachora mstari wa mlalo kuvuka Afrika Kaskazini na Atlantiki. Kwa njia hiyo zingekuwa zaidi ya kilomita 16,000. Njia fupi kabisa ni kama kilomita 13,400, na hiyo peke yake ni kama saa kumi na sita angani bila kutua.

Nilichukua tufaha kwenye sinia yangu na waya wa vipokea sauti. Nikashika ncha moja ya waya mahali pa Dubai, nyingine karibu upande wa pili kabisa, kwa kuwa longitudo zao zinapishana takriban nyuzi 174. Kwanza niliuzungusha waya tumboni mwa tufaha, kisha nikaukaza. Ukateleza wenyewe kwenda juu, ukatulia kando ya kikonyo.

Mama alilichukua akajaribu mwenyewe, mara mbili tatu, bila kusema neno. "Kumbe njia iko huku juu," akasema hatimaye.

Ndiyo. Mstari huo hupita kilomita 600 hivi tu kutoka Ncha ya Kaskazini. Tuliiacha Iran, tukaiacha Urusi, tukaingia juu ya Bahari ya Aktiki. Ilikuwa kiangazi cha huko, jua halizami, na chini barafu ilikuwa imepasuka mapande mapande. Latitudo ilipopita 80, tarakimu za longitudo zilianza kukimbia, kwa kuwa mistari yake yote inakutana pale nchani. Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: ndege iliyokuwa ikielekea kaskazini sasa ilielekea kusini, na haikuwa imegeuka. Ilikwenda moja kwa moja tu. Zilibaki kilomita zaidi ya 6,000, Kanada ikiwa mbele yetu.

"Na kurudi tutapita huku huku?" Mama akauliza.

Nikamweleza kwamba marubani hutazama upepo wa siku hiyo. Ule mkali wa juu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo wakati mwingine njia ndefu zaidi yenye upepo wa mgongoni huwafikisha mapema.

"Mimi naomba iwe huku," akasema. "Nitakaa dirisha la upande ule mwingine."